Nimestaafu miezi 5 tu nahisi nimekuwa kizee, nyie mnafanyaje moyo ubaki kijana?

Mstaafu wa Tanga
Habari za jioni wadau. Nimestaafu mwezi wa 1 nikiwa na miaka 60, presha sina sukari sina, ila tangu niache kazi naona nazeeka kila siku. Asubuhi nakaa barazani nasoma gazeti lote mpaka matangazo ya tenda, saa 4 nishamaliza, hapo nasubiri chakula tu. Watoto wakija nikishika jembe wananinyang'anya, "baba pumzika". Sasa juzi natafuta hati ya kiwanja nikakuta gitaa langu uvunguni, nyuzi 2 zimekatika zilizobaki zina kutu. Ujanani nilikuwa napiga ridhimu kwenye bendi ya shirika nililoanzia kazi, kila jumamosi mpaka majogoo. Nikalishika, sugu za vidole zilishaisha kitambo, dakika 10 tu vidole vinawaka moto lakini usiku ule nililala usingizi ambao sijaupata tangu nistaafu. Mke wangu anasema mtu mzima na gitaa watu watatuonaje. Nimelirudisha uvunguni. Naombeni mawazo.

Mama Raba
Pole kaka yangu. Mimi nina 58, niko Temeke, nilipojiunga na klabu ya joging mawifi walisema nimechanganyikiwa. Jumapili saa 11 alfajiri nafunga raba zangu natoka, tunakimbia tunaimba, nyimbo naanzisha mimi. Vijana wa pale nisipotokea wanapiga simu mama uko wapi, na hiyo simu ndo dawa yenyewe, mtu anazeeka pale hakuna anayemsubiri. Tafuta watu wa kukusubiri kaka.

Binti wa Ng'ambo
Shikamoo mzee. Huku Unguja tulikuwa na Bi Kidude, umri wake hakuna aliyeujua kwa hakika ila alikuwa bibi kizee kabisa na bado anajifunga ngoma ya msondo kiunoni anaupiga kasimama, anaimba taarabu, anafunda wari kwenye unyago. Tuzo ya WOMEX, ile ya kimataifa ya muziki, kapewa 2005, kafariki 2013. Maneno watu walisema sana juu yake na hakuacha. Lakini mzee wangu bibi usimpuuze, mpigie ule wimbo mliochezea enzi zenu kwanza, halafu muulize tena.

Mkalenjin
Mzee Maruge tulimwona hapa Eldoret 2004, aliingia darasa la kwanza akiwa na miaka 84, kaptula na soksi ndefu kama watoto wengine, kwa sababu serikali ilikuwa imeondoa karo na yeye alitaka kujisomea Biblia mwenyewe. Mwaka uliofuata alienda New York kuongea Umoja wa Mataifa kuhusu elimu ya bure. Wewe una 60 mzee, uko mbali sana na yeye!

Mstaafu wa Tanga
Marahaba binti, na wote asanteni sana, nimesoma hapa mara 3. Mjukuu wangu wa darasa la 5 ameliona gitaa leo akaniuliza babu hii inaliaje, nikashindwa kumjibu kwa mdomo. Nimeagiza nyuzi Kariakoo zinakuja na basi la kesho. Bibi yake kaniuliza tu, ule wa Jumamosi unaukumbuka bado?