Burda: kwa nini tunapotezana kwenye "Muhammadun sayyidul kaunayni"?

MwanaDufu

Assalaam alaykum. Kikundi chetu cha madrasa kinaandaa Burda, kasida ya Kiarabu ya Imamu al-Busiri ya kumsifu Mtume, kwa maulidi ya Mfungo Sita, wasomaji 22 na madufu manne. Beti za mwanzo zinakwenda. Tukifika "Muhammadun sayyidul kaunayni waththaqalayn" dufu linatangulia sauti na hatukutani tena mpaka kiitikio. Kiitikio chenyewe nacho kina shida: wengine wanamaliza "kullihim", wengine "kullihimi". Pia tumepewa nusu saa tu. Tupunguze wapi bila kuiharibu? Na nakala yetu ina beti zaidi ya 160. Zipi si zake?

UkwapiNaUtao

Wa alaykum salaam. Usiwalaumu wapigaji dufu. Kosa liko mahali mnapovuta pumzi.

Ubeti huo ni wa 34, na mpaka wa ukwapi (nusu ya kwanza ya ubeti) na utao (nusu ya pili) unapita katikati ya neno. Neno lenyewe ni "thaqalayni": ukwapi unaishia "thaqalay", na "ni" ndiyo silabi ya kwanza ya utao. Waarabu huuita ubeti wa namna hii mudawwar. Nyinyi mnatua kwenye "thaqalayn", mnavuta pumzi, kisha mnaanza "wal fariiqayni". Utao umeshapungua silabi moja, na dufu linaendelea na hesabu yake.

Burda iko katika bahari, yaani mpangilio wa mizani, ya Basiitw: mustaf'ilun faa'ilun mustaf'ilun fa'ilun, kisha hivyo hivyo upande wa pili. Kila kipande kati ya hivyo vinane kinaishia na silabi nzito, yaani yenye irabu ndefu au iliyofungwa kwa konsonanti. Basi wekeni madufu chini, mpige kofi moja kwenye silabi ya mwisho ya kila kipande, makofi manne kwa ukwapi na manne kwa utao. Anzeni na ubeti wa kwanza, polepole:

a-min-ta-DHAK / ku-ri-JII / raa-nin-bi-DHII / sa-la-MII
ma-zaj-ta-DAM / 'an-ja-RAA / min-muq-la-TIN / bi-da-MII

Ukishakaa mikononi, nendeni wa 34:

mu-ham-ma-DUN / say-yi-DUL / kau-nay-ni-WATH / tha-qa-LAY
ni-wal-fa-RII / qay-ni-MIN / 'ur-bin-wa-MIN / 'a-ja-MII

Kofi la nne linaangukia "LAY", na "ni" inafuata bila kusubiri. Kama mmezoea msomaji mmoja kutoa ukwapi na wengine kupokea utao, ubeti huu msiugawe. Upande mmoja uusome wote kwa pumzi moja.

Kuna jambo jingine linalotuponza sisi Waswahili hasa, nalo ni kubwa kuliko hilo la 34. Tumelelewa na mizani ya tenzi na mashairi, ambapo silabi zote ni sawa, moja ni moja. Mkihesabu Burda kwa njia hiyo mtapata 14 kwa 14 na mtaridhika, lakini hesabu hiyo haitawaonesha kosa, kwa sababu Kiarabu kinapima silabi fupi na nzito. Halafu ulimi wetu una desturi ya kukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo "sa-la-mii" inageuka "salaami", "bi-da-mii" inakuwa "bidaami", "'a-ja-mii" inakuwa "'ajaami". Kipande cha mwisho katika kasida hii ni fupi, fupi, nzito, kila mara, bila kubadilika. (Cha kwanza na cha pili vinaweza kufupisha silabi ya mwanzo, ndiyo maana mwanzo wa "a-min" ni fupi na wa "maulaa" ya kiitikio ni nzito, na vyote viwili ni sahihi.) Maana nayo inaharibika: Dhuu Salam ni mahali palipopewa jina la mti uitwao salam, na ukivuta "laa" umeshasema salaam, amani. Mshairi anawalilia majirani wa mahali hapo, hajatoa salamu.

BintMaalim

Naongezea kwenye kiitikio, maana ndicho kinachosikika mara nyingi kuliko ubeti wowote.

Ni "kullihimii", kwa kuvuta "mii" ya mwisho. Katika maneno ya kawaida utasema "kullihim", lakini vina vya Burda ni "mi" tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, na kiitikio kimefungwa kwa kina hicho hicho. Anayetua "kullihim" amebakisha silabi moja mfukoni, na wenzake wanaivuta wakati yeye amenyamaza.

Maulaaya swalli wa sallim daaiman abadan
'alaa habiibika khayril khalqi kullihimii

Wasikilizeni vijana mmoja mmoja kwenye sehemu nne. "Swalli": shada (mkazo wa herufi mbili) isikike, lakini "li" ni fupi; sauti nyingi zinaivuta "swalliii" na hapo dufu linayumba. Kama lahani (sauti ya kuimbia) yenu inataka kuvuta, vuteni kwenye "daa" ya "daaiman". Ya pili, "khayril khalqi" huunganishwa. Ukisema "khayri al khalqi" umeongeza silabi. Ya tatu, "kul-li", siyo "kuli". Ya nne ndiyo inayoniuma zaidi: khalq kwa khe ya kukwaruza ni viumbe, na halq kwa he ya kooni ni koo. Anayesema "khayril halqi" anamwita Mtume (s.a.w.) bora wa koo. Kwa anayechanganya, mpe maneno "akhi" na "ahmad" ayarudie mpaka asikie tofauti kwa sikio lake, ndipo umrudishe kwenye kiitikio.

Mzee wa Kasida

Kuhusu muda, pimeni kwa saa. Tuseme ubeti unachukua sekunde 12 na kiitikio sekunde 12. Beti 160 zikiitikiwa kila mmoja ni dakika 64. Nusu saa haitoshi.

Burda ina milango kumi: mapenzi na kilio beti 12, kutahadhari na matamanio ya nafsi 16, sifa za Mtume 30, kuzaliwa kwake 13, miujiza 16, Qur'ani 17, Israi na Miraji 13, jihadi 22, kuomba shufaa 12, na munajati (maombi ya kunong'ona) 9. Msipunguze kwa kurukaruka beti ndani ya mlango, maana sentensi nyingi zinaendelea ubeti hadi ubeti. Toeni mlango mzima. Kwa maulidi ningechukua wa kwanza, wa tatu, wa nne na wa kumi: beti 64, kama dakika 26 pamoja na kiitikio kila ubeti. Wa kwanza msiuache hata mkibanwa. Wengi huuona ni nyimbo za mapenzi tu, lakini machozi yale ndiyo mlango wa kuingilia sifa.

Ubeti wa 160 ni ule wa "maa rannahat", upepo unaotikisa matawi ya miti ya baan na mwongoza ngamia anayewaburudisha kwa sauti yake. Baada ya hapo, "thummar ridhaa 'an Abii Bakrin" na "Yaa Rabbi bil Mustwafaa balligh maqaaswidanaa" ni nyongeza za waliokuja baadaye. Mmoja katika hizo za nyongeza unataja wenyewe kwamba beti zake ni sittiina ma' miah, 60 na 100. Si vibaya kuzisoma. Bahari ni hiyo hiyo na makofi ni yale yale. Wambieni tu vijana wajue si za al-Busiri.

Mlango wa kumi unaanza na ubeti wa 152, "Yaa akramal khalqi maa lii man aluudhu bihii siwaaka". Wapo wanaoupinga kwa kuona unamwomba asiyekuwa Mungu. Wafafanuzi wa Burda wameueleza kwa kushika maneno yanayofuata, "haadithil 'amami", tukio litakaloenea kwa wote, yaani Kiyama, siku ya shufaa. Anayeongoza asome maana hiyo kabla, ili akiulizwa barazani ajibu kwa utulivu.

MwanaDufu

Jazakumullahu khayran. Tumejaribu makofi leo kwa ubeti wa 34 na umekaa. Je, lahani hii na makofi haya yanafaa kwa ile kasida nyingine, Hamziyya? Si ni ya al-Busiri pia?

UkwapiNaUtao

Ni yake, lakini bahari ni Khafiifu, vipande vitatu kila upande: kay-fa-tar-QAA / ru-qiy-ya-KAL / an-bi-yaa-UU. Makofi matatu kwa matatu, na lahani ya Burda itawaachia kofi moja hewani kila upande. Tafuteni lahani yake. Na mkisoma ile ya Kiswahili ya Sayyid Aidarus wa Pate, hesabuni mizani kama mlivyozoea.