Mrejesho: nimechukua rivolva ya .327

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza nichukue rivolva ya .32 H&R Magnum au .327 Federal Magnum (hizo ni aina za risasi), mimi wa huku Texas ninayejaza baruti kwenye maganda ya risasi mwenyewe. Nimechukua Ruger SP101 ya .327, silinda ya tundu sita za risasi, maana inameza pia risasi fupi zaidi, yaani .32 H&R na hata .32 S&W Long. Teke lake linavumilika, si kama .357 ya shemeji.

Ila juzi maganda ya .327 yaligoma kuingia. Kumbe nilianza kwa kupiga zile risasi fupi za .32, masizi yakaganda ndani ya tundu za silinda pale ganda fupi linapoishia. Brashi ikamaliza kazi. Baruti naipima kwa mizani, ganda moja moja, nikianzia kiwango cha chini cha kitabu cha vipimo vya kujazia risasi. Mke anasema nimehamia gereji.