Gereji imenifungia busta nyingine ya breki, masta inayovuja wakairudisha ile ile

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Nina Land Cruiser 80 ya petroli, injini 1FZ-FE. Pedali ya breki ilianza kuwa ngumu, ukikanyaga unasikia "ssss" chini ya dashibodi, na silensa (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) inayumba kila mguu ukigusa breki. Kwa gari la petroli dalili hizo ziko wazi. Busta, kile kifaa kinachoupa mguu nguvu ya ziada kwenye breki, inavutwa na vakyumu (mvuto wa hewa) ya kwenye manifoldi, njia ya hewa kuingia kwenye injini. Mpira wake wa ndani ukichanika, hewa inapenya hadi kwenye injini. Nikapeleka gereji moja hapa Dar inayojinadi kwa Toyota kubwa. Fundi akasema busta imekufa, na hapo hakukosea. Nikalipa 450,000 kwa busta used, ufundi mbali.

Sasa sikilizeni. Ile ya zamani ilipotolewa nilikuwa nimesimama pale pale. Walipoiinamisha, mafuta ya breki meusi yakamwagika sakafuni. Ndani ya busta hakutakiwi kuwa na tone la mafuta! Yametoka kwenye masta silinda, ile pampu ya mbele ya busta inayosukuma mafuta kwenda kwenye breki: sili (mpira wa kuzuia mafuta) ya nyuma imechoka, inavujia ndani ya busta, kwa hiyo chini ya gari huoni kitu, unaona tu kopo la mafuta ya breki linapungua. Hata rangi ya bati chini ya masta ilikuwa imebabuka, unaikwangua kwa kucha inatoka. Nikamwonyesha mkuu wa mafundi. Akasema, "Bosi, hiyo kawaida, masta yako nzima." Akaifuta kwa kitambaa, akaifunga ile ile kwenye busta niliyotoka kuilipia.

Halafu kile kijiti cha busta kinachosukuma masta hakupima. Busta used imetoka kwenye gari jingine, kijiti kimerekebishwa kwa masta nyingine, lazima upime na urekebishe kabla ya kufunga. Kikiwa kirefu, pistoni ya masta hairudi mpaka mwisho, mafuta yanabaki na presha kwenye mabomba na breki zinaendelea kushika hata ukitoa mguu. Ndicho kilichotokea. Gari likawa zito, rimu za mbele huwezi kuzigusa kwa moto, pedi zinanuka. Nikarudi. Nikaambiwa breki mpya lazima zikae kwanza, nitazoea.

Nizoee nini? Gari lina zaidi ya tani mbili kabla sijapakia mtu. Nalitumia kwenda Iringa na familia, na kurudi Dar maana yake ni kuushuka mlima Kitonga. Mafuta ya breki yakichemka pale, mguu unazama na hakuna kitu chini yake. Mtu anayejua hilo na bado anakwambia utazoea hafai kushika spana.

Fundi mwingine, kijana tu wa uchochoroni, alilegeza nati za masta kidogo ili iachane na kijiti, gari likiwa kwenye jeki. Magurudumu yakaachia hapo hapo. Akasogeza masta, nyuma yake tayari pamelowa. Busta yangu used imeshaanza kunywa mafuta.

Nimedai hela yangu ya busta na ya ufundi. Jibu: spea used haina garantii. Mimi silalamikii spea, nalalamikia kazi! Busta ilikuja kavu, wao ndio wameilowanisha.

Kwa anayetaka kubadilisha, simama hapo hapo masta ikitolewa na uangalie nyuma yake. Pamelowa, usikubali irudishwe. Ukishafungiwa, zima injini, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, iache imekanyagwa kisha washa: lazima izame kidogo. Kisha tembeza gari na uguse rimu kabla hujatoa hela.

Mwenye fundi wa breki za 80 anayepima kijiti bila kuambiwa, aje PM. Masta mpya nimeshanunua.