Disto inameza besi yangu tukiwa bendi nzima, nimekosea wapi?

nyuzi_nne:
Habari wakuu, naombeni msaada. Napiga besi ya nyuzi nne, tuko watano, gita mbili, kinanda, dramu na mimi. Nimejichanga nikanunua pedali ya disto (ile ya kuchafua sauti makusudi ikwaruze) ileile anayotumia mpiga solo wetu maana kwake inanguruma balaa. Nikiwa peke yangu nyumbani inalia vizuri mpaka naona nimeiva, sasa tukianza mazoezi nikiikanyaga tu besi inapotea, mpiga dramu ananiangalia ananiuliza umezima? Nimepandisha volyumu, nimeongeza besi kwenye amplifaya, wapi, inazidi kuwa matope. Nilitaka niongeze kompresa (inayobana sauti kubwa zisizidi sana ndogo) na okteva (inayoongeza noti ileile kwa chini) ila sasa naogopa kutupa hela. Nianze na ipi?

BesiChini:
Pole mkuu, hilo limetukuta wengi. Pedali yako sio mbovu, imetengenezewa gita. Uzi wako wa E bila kubonyeza unatetemeka kama mara 41 kwa sekunde, ya gita ni 82, kwa hiyo pedali nyingi za gita zinakata huko chini makusudi ili disto isivurugike, na kilichokatwa ndio kazi yako wewe. Ukiwa peke yako pengo hulioni kwa sababu masikio yanafurahia ile mikwaruzo ya kati na juu, gita mbili zikiingia zinakaa palepale kwenye mikwaruzo na wewe hubaki na kitu.

Tafuta pedali yenye nobu ya blend, kazi yake ni kupitisha besi safi pembeni halafu kuichanganya na ile iliyochafuliwa. SansAmp Bass Driver DI inayo, Darkglass B3K inayo, Boss ODB-3 nayo inayo ila wameiita balance. Mimi naanza blend sifuri bendi ikiwa inapiga, napandisha kidogo kidogo mpaka nisikie sauti imeota meno, hapo naacha. Ukirudi nyumbani utaona disto kiduchu utatamani kuongeza, usiguse.

mama_groove:
Naunga mkono, na gain (nobu ya kiasi cha disto) punguza. Disto yenyewe inabana sauti, ukiijaza basi ugonge kwa nguvu ugonge taratibu yote sawa, groove, yaani ule mdundo wa kuchezesha, inakufa. Weka saa tatu, yaani nobu inaangalia 9.

Kompresa ni nzuri ila haitakiwi kusikika sana, ndio maana wengi wanaikosea, wanazungusha mpaka wasikie kitu na hapo besi ishakuwa puto. Ukiweka ratio 4:1 maana yake sauti ikivuka kizingiti kwa desibeli 4 inatoka 1 tu. Attack (muda kompresa inachukua kuanza kubana) ikiwa ya haraka mno inakula ule mshindo wa kidole kwenye uzi, ichelewesheni kidogo jamani. Okteva iweke kabla ya disto, inataka sauti safi ndio iijue noti, na zile za analogi kama Boss OC-2 zinataka noti moja moja, ukishuka chini ya A ya wazi inaanza kutapatapa kama redio inayotafuta stesheni. Panda juu kwenye shingo uone raha yake.

Mpangilio wangu ni tuna (kifaa cha kupatanisha nyuzi), kompresa, okteva, disto, halafu korasi (inayofanya sauti moja isikike kama kadhaa) mwisho. Sio sheria, wapo wanaoweka kompresa baada ya disto na wanapiga vizuri tu.

nyuzi_nne:
Shukrani sana dada. Kumbe gain nilikuwa nimeiweka saa tisa kabisa 😂 video niliyoangalia jamaa alisema "nine", mimi nikatafsiri kichwani. Swali lingine, nikiunga tuna na disto kwenye adapta moja kwa ule waya wa vichwa vingi inalia wiiii hata nisipopiga.

waya_mfupi:
Hiyo ni umeme, tuna ya dijitali inatupa uchafu kwenye waya na disto inaukuza. Jaribu disto kwa betri, mlio ukikata umempata mchawi. Dawa ni pawa saplai ambayo kila tundu limetengwa na jingine. Soma nyuma ya pedali, nyingi ni volti 9 na hasi iko katikati, volti zisizidi kilichoandikwa, miliampia za adapta zikizidi hakuna shida ila zikipungua shida. Na ukitumia betri chomoa jeki ya input ukimaliza, ikibaki imechomekwa pedali inakula betri hata ikiwa imezimwa na mguu.

nyuzi_nne:
Nimejaribu betri, mlio umekata. Leo mazoezini gain nimeshusha ikaangalia 9, volyumu ya pedali nikailinganisha na sauti safi, chini bado kuna upungufu ila mpiga dramu hajaniuliza kitu. Hii namwachia mpiga solo kama ataitaka, mimi natafuta yenye blend.

BesiChini:
Ukienda kuijaribu nenda na besi yako mwenyewe, na umwambie muuzaji awashe dramu mashine.