Mtoto ameuliza: kama sisi ni watu wa Mbale, tulitoka Misri lini?

Mama wa Busia:

Habari zenu ndugu zangu. Nawaandikia kutoka Busia, upande wa Uganda. Nimezaliwa na kulelewa karibu na Nabugoye, nje kidogo ya mji wa Mbale, katika familia ya Abayudaya, yaani Wayahudi wa Uganda. Nilipoolewa nikahamia huku mpakani, na watoto wangu wamekua na Kiswahili cha sokoni kuliko Kiganda ambacho sisi tuliimbia zaburi. Kwa hiyo usiku wa Pesach, Pasaka yetu Wayahudi, nasoma Hagada, kitabu cha hadithi ya kutoka Misri, kwa Kiganda, kisha nawaeleza kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa.

Mwaka jana tulipofika pale tunaposema tulikuwa watumwa wa Farao, binti yangu wa miaka tisa aliweka matza yake, mkate usiotiwa chachu, chini akaniuliza: "Mama, jaja (babu) ni wa Mbale, na baba yake jaja ni wa Mbale. Nani wetu alikuwa Misri?" Kaka yake akamwambia, "Hiyo ni hadithi tu." Ile "tu" ndiyo iliyoniuma. Mtoto hakuuliza kwa kiburi. Shuleni wenzake wanamwambia Wayahudi ni wazungu wa Israeli, naye anarudi nyumbani anatafuta mahali pa kusimama.

Pesach inakaribia tena. Nyinyi mnawasimulia watoto vipi? Mnaanzia kwa Musa au kwa Semei Kakungulu, aliyetuanzishia Uyahudi hapa Uganda? Nikianza na Kakungulu naogopa kuisogeza Tora pembeni. Nikianza na Musa peke yake, naona kama nawaficha watoto asili yao. Na habari za utawala wa Idi Amin, je, mtoto wa miaka tisa anaambiwa?

Mzee wa Kahawa:

Mwanangu, shalom, na amani kwa watoto. Huyo binti mpe heshima yake. Usiku ule umepangwa hivyo makusudi ili mtoto aulize. Mdogo kuliko wote ndiye anayeufungua kwa maswali manne. Aliyenyamaza mezani ndiye wa kumhofia.

Mimi huanza na Kakungulu, na sioni kama namdharau Musa. Fungua Hagada uangalie: jina la Musa karibu halimo kabisa, limetajwa mara moja tu, tena ndani ya aya iliyonukuliwa. Kinachosemwa waziwazi ni kwamba mwanzoni baba zetu waliabudu miungu mingine, yaani Tera, baba yake Ibrahimu, kule ng'ambo ya Mto. Hadithi yenyewe inaanza na watu waliokuwa kitu kingine, wakasikia neno, wakaondoka. Sasa niambie, Kakungulu ana tofauti gani?

Wajukuu zangu nawasimulia hivi. Palikuwa na shujaa wa vita, Muganda, Mkristo, aliyeijua Biblia ya Kiganda iliyokamilika mwaka 1896. Waingereza walimtumia kuiteka nchi hii ya mashariki, naye akitumaini kufanywa mfalme wa Bukedi. Walipomaliza kumtumia wakampunguza cheo. Akabaki hapa Mbale, chini ya mlima Wanale, na Biblia yake. Akajiunga na Bamalaki, wale waliokataa dawa za hospitali na kushika Jumamosi. Lakini yeye alisoma zaidi yao. Akakuta agano la Ibrahimu, akataka kutahiriwa. Wenzake wakamwambia hilo ni jambo la Wayahudi. Akasema basi na yeye ni Myahudi. Hiyo ilikuwa 1919: alijitahiri yeye na wanawe.

Hapo watoto huwa wanajikunja, wananiuliza kama iliuma. Nawaambia ndiyo, iliuma.

Mwaka 1922 akatoa kitabu cha mafundisho kwa Kiganda ili watu wake wajue la kufanya. Na katika miaka ileile ya 1920 akakutana na Myahudi mmoja mgeni, Yosef, ambaye alikaa nasi miezi kadhaa akafundisha kalenda ya sikukuu, baraka, na namna ya kuchinja. Kakungulu akafariki 1928, akazikwa Gangama. Alituachia ile kusoma kwake.

Sasa la Amin. Mwambie, lakini mwambie kwa yale uliyoyaona au uliyoambiwa na wako. Mimi nilikuwa kijana mdogo alipotwaa nchi 1971 na kutupiga marufuku. Masinagogi yalivunjwa. Tulikuwa kama watu 3,000. Ilipokwisha tulibaki karibu 300, maana wengi waliingia kanisani au msikitini ili waishi. Baba yangu alikuwa akitundika gunia dirishani Ijumaa jioni, akapunguza utambi wa koroboi mpaka tunaonana macho tu. Shema, sala yetu kuu, tuliisema kwa midomo, bila sauti. Mama alikaa mlangoni akichambua maharage, na kama akisikia hatua za mtu njiani aliyamwaga kwenye sufuria kwa kishindo. Hapo baba anabadilisha hadithi.

Alibadilisha kweli. Kulikuwa na hadithi moja aliyoipenda, ya binti yatima aliyelelewa na mjomba wake. Binti akaolewa na mfalme, na mjomba akamwonya asiseme ametoka kabila gani. Waziri wa mfalme akapanga kuliua kabila lote kwa siku moja. Majina hayakuwemo. Mgeni akiingia anakuta baba anawapigia watoto ngano kama wazee wengine wote kijijini, anaketi naye anasikiliza, pengine anacheka pale waziri anapolazimishwa kumvuta farasi wa mjomba mjini. Nilikuwa mtu mzima nilipokisoma kitabu cha Esta nikagundua ndicho kile, kasoro majina, na kwamba kitabuni aliyemlea Esta ni binamu yake, si mjomba. Na Esta yenyewe ukiisoma yote hutakuta jina la Mungu limetajwa. Baba alijua anachokichagua.

Ndiyo maana huyo kijana wako aliyesema "hadithi tu", ningependa akae na mimi. Kwa miaka minane hatukuwa na sinagogi wala uhuru wa kukusanyika. Hadithi ndiyo iliyotubakia.

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Angalia kalenda: jua lilipozama siku hiyo, Pesach iliingia. Tuliisikia redioni. Huku kwetu askari wa Amin walikuwa bado wapo, Jinja yenyewe ilikombolewa siku kadhaa baadaye, na Mbale baada ya hapo, kwa hiyo hakuna aliyetoka nje kushangilia. Baadaye wakaja Watanzania, nao wanazungumza Kiswahili, lugha ileile tuliyoiogopa kwenye vizuizi vya barabarani. Serikali mpya ikaturudishia ruhusa ya kuabudu.

Binti yako akiuliza tena nani alikuwa Misri, mtajie kwa majina watu wa nyumba yenu waliokuwepo miaka ile.

Mwalimu wa Tororo:

Mzee namheshimu, lakini naomba nimpinge kidogo. Ukimwambia mtoto Misri ni wakati wa Amin, atakua akidhani Misri yenyewe ni mfano tu, na tutakuwa tumemrudia kaka yake. Simulia zote mbili, kila moja ikae mahali pake.

Swali la binti si geni. Katika karne ya 12, mtu mmoja aliyeongoka aitwaye Obadia alimwandikia Rambam (Maimonides), mwalimu mkuu wa sheria za Kiyahudi, ambaye aliishi Misri hiyohiyo. Aliuliza: mimi si wa ukoo huu, je, naruhusiwa kuomba nikisema "Mungu wa baba zetu"? Rambam akamjibu aseme yote bila kubadilisha, kwa sababu Ibrahimu ni baba wa kila aliyeingia katika njia yake. Halafu akalifikia hasa jambo la mtoto wako: maneno "aliyetutoa Misri". Akasema ukitaka waweza kusema "aliyewatoa Israeli", lakini usipobadilisha hakuna ubaya. Naupenda sana ukweli wa jibu hilo. Halimlazimishi mtu kudai damu asiyo nayo, wala halimfukuzi mezani.

Msomee pia Kutoka 12:38. Waliotoka Misri walikwenda na kundi kubwa la watu wa mchanganyiko. Usiku uleule wa kwanza walikuwepo watu ambao baba zao hawakuwa wana wa Yakobo.

Hajati wa Namakwekwe:

Mimi si wa dini yenu, ila nimekaa Mbale maisha yangu yote na nimekula kwenye sikukuu zenu. Naomba jambo moja tu, dada. Ukisimulia habari za Amin mbele ya watoto, usiwaache waondoke wakidhani ni Uislamu uliowatesa. Amin alikuwa Mwislamu, lakini na sisi tulizika watu wetu miaka ile. Kaka yangu mkubwa alichukuliwa na hatukuona kaburi.

Musa ni nabii wetu pia. Siku ya Ashura, kumi Muharram, tunafunga kwa shukrani kwamba Mungu alimwokoa yeye na watu wake mbele ya Firauni. Watoto wangu wanaijua bahari ilivyopasuka kabla hawajajua kuandika. Marehemu mume wangu aliuza kahawa kwenye ushirika wa Mirembe Kawomera, ulioanzishwa 2004 na Wayahudi, Waislamu na Wakristo wa milima hii, na nakumbuka wazee wakisubiri mizani walikuwa wakisimuliana habari za Musa, kila mmoja na upande wake. Alika jirani mmoja kwenye hiyo meza. Mtoto akisikia hadithi yake kwenye mdomo wa mtu mwingine, ataishika.

Mama wa Busia:

Hajati, pole sana kwa kaka yako. Nimekusikia, na nitawaambia hivyo hivyo. Nina jirani Mwislamu tunayegawana naye maji ya bomba, nitamwalika.

Nimeamua. Matza mwaka huu watoto wataoka wenyewe kwenye jiko la makaa, ndani ya dakika 18 tangu maji yaguse unga, ili wajue maana ya haraka. Maswali manne atauliza binti kwa Kiswahili. Kabla ya Musa nitaanza na Tera, halafu Kakungulu, na kijana nitampa hadithi ya Mzee ya binti na mjomba aisimulie bila majina, tuone nani ataitambua. Nampigia mama simu wiki hii anipe majina ya miaka ya Amin, maana mengine sijawahi kuuliza.

Mzee, swali la jikoni: haroseti zetu, ule mchanganyiko mtamu wa meza ya Pesach, tunatwanga karanga na ndizi, na asali. Mgeni mmoja kutoka Marekani aliniambia karanga haziruhusiwi Pesach. Ni kweli?

Mzee wa Kahawa:

Kuacha karanga, mchele na mikunde ni desturi ya Waashkenazi, Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki. Wasefaradi, wenye asili ya Hispania, wengi wao wanakula. Na marabi wa Kikonsevativu, wenzao wale waliokuja kutusimamia katika uongofu mwaka 2002, waliruhusu mikunde mwishoni mwa 2015. Twanga karanga zako. Kama divai haipatikani huko, chemsha zabibu kavu, ziache zipoe, uzikamue kwa kitambaa safi. Anza siku mbili kabla, na mgagani wa mboga chungu za Pesach uununue asubuhi ileile, ukilala unapoteza uchungu.