Laina ya bodi inabanduka kwa ukucha, halafu naambiwa rangi ya Toyota ndiyo mbovu!!!

Wakuu, nimetoka gereji ya kupuliza laina sasa hivi na hasira zimenijaa mpaka kooni. Huyu mtu sina haja ya kumtaja, mnamjua wote. Yule wa matangazo ya kila asubuhi, "laina ya maisha", anayepiga nyundo juu ya bodi huku muziki unalia. Huyo huyo.

Bodi ya mizigo ya Hilux double cabin, imepulizwa laina, lile koti gumu la kulinda rangi ya bodi. Gari liliingia asubuhi, mchana nikapewa ufunguo. Kazi mpya kabisa, imebeba simenti na matofali basi. Karibu na tundu la kutolea maji pamenyanyuka kidogo. Unaingiza ukucha, unavuta, inakuja. Na haikatiki! Inabanduka pana kama ganda la ndizi mpaka kwenye nundu la tairi. Chini yake rangi ya kiwandani INANG'AA. Kinyozi anaweza kuhamishia kioo chake pale!

Anaonyeshwa. Anainama, anapapasa, anainuka, anasema: "Boss, rangi yako ya kiwandani ndiyo mbovu, haishiki laina."

Rangi ya Toyota ndiyo mbovu! Rangi iliyopigwa jua, mvua na kokoto miaka yote hiyo ikabaki palepale, leo ndiyo mbovu, ila hilo ganda lake ndilo zima!

Rangi ikikutwa inang'aa chini ya laina, msasa haukupita. Hakuna cha kubishana. Bodi inaoshwa kwa dawa ya kuondoa grisi, inafutwa nta na silikoni, ndipo inapigwa msasa mpaka rangi yote ifubae, hata kwenye mabonde ya sakafu na kona ambako mashine haifiki na inabidi mkono uingie. Palipotoka bati tupu panapigwa praima ya epoksi, rangi ya kwanza ya kushika bati. Huyu amepitisha tambara akapuliza! Boliti za ndoano za kufungia kamba hakuzifungua, amezizika humo humo, ukitaka kutoa ndoano unakata laina. Tundu moja la maji ameliziba kabisa, maji ya mvua yanalala.

Na risiti imeandikwa "poliyurea ya mashine ya moto, milimita 3". Kwenye ndoo ya taka pale kuna chupa nne za laina ya kuchanganya na hadna, dawa ya kuigandisha, wala si ya mashine! Pigeni hesabu wenyewe. Sakafu, kuta na mlango wa nyuma wa double cabin ni kama mita za mraba 5. Milimita 3 kwenye mita za mraba 5 ni lita 15 za laina iliyokwisha kukauka. Chupa nne zikishatiwa hadna ni lita 4, na humo kuna thina inayopaa. Hata zisingepoteza tone, ni milimita 0.8. Milimita nyingine zimekwenda wapi?

Halafu rangi ndiyo mbovu. RANGI!

Dizeli Nyeusi: Namjua, na nyundo yake naijua. Lakini mkuu na wewe umezidi. Gari linaingia asubuhi linatoka mchana na wewe unaona sawa? Kufungua ndoano na mlango wa nyuma, kuosha, kusubiri ikauke, kupiga msasa na kubandika maskintepu, hapo siku ya kwanza imeisha kabla hajashika bunduki. Ulipopewa ufunguo mchana ndipo ulipopigwa.

Msasa Themanini: Tatizo watu wanauliza bei kabla ya kuuliza ni laina gani. Ziko tatu na hazifanani.

Ya mashine ya moto, wanayopiga kina Line-X kule Marekani: vimiminika viwili vinapashwa moto zaidi ya nyuzi 60, vinasukumwa kwa presha kubwa sana na kukutana kwenye ncha ya bunduki. Inaganda ndani ya sekunde chache, ndiyo maana inajengeka mpaka milimita 2 au 3 bila kuchuruzika ukutani. Gereji isiyo na mashine hiyo, mipira yake miwili ya moto na jenereta la kuibeba haina laina hiyo, hata risiti iandikwe kwa dhahabu.

Ya chupa, mfano Raptor ya U-POL: tatu kwa moja na hadna, unatikisa dakika mbili, unapuliza kwa kompresa ya kawaida. Unapuliza mara mbili, na unaacha kama saa moja katikati. Ukisogeza bunduki karibu na kupunguza upepo inatoka chembe kubwa, ukirudi nyuma na kuongeza upepo inatoka laini. Ni nyembamba, haifiki hata milimita moja, lakini ikipigiwa msasa haibanduki kwa ukucha wa mtu.

Ya kupaka kwa rola: hiyo fanya nyumbani ukipenda, ila unene haulingani na kona zinakosa.

Kama unabeba mawe, kokoto na vyuma, tafuta ya moto. Kama ni mizigo ya dukani na mabegi, ya chupa inatosha kabisa, usidanganywe. Na yeyote anayekwambia milimita 3 mwambie alete kipima unene cha sumaku mbele yako. Bodi ya Hilux ni chuma, kipimo kinasoma papo hapo.

Mleta uzi: Asante fundi, nimeelewa. Sasa anasema ataniwekea kiraka. Lakini jamani, mtu ameona rangi inang'aa kwa macho yake mawili, ameipapasa kwa kidole chake, akasema ndiyo mbovu!

Kamba na Turubai: Sasa anasema atakuwekea kiraka? Usikubali. Kama sehemu moja haikupigwa msasa, bodi nzima haikupigwa. Atakata kingo, atapuliza juu, miezi miwili itanyanyuka pembeni ya kiraka na maji yataingia chini yake. Hapo sasa kutu inakula huku huioni, na maji ya samaki yenye chumvi ndiyo yanamaliza kabisa. Ng'oa yote. Ukiona imenyanyuka kirahisi shukuru, maana iliyoshika vizuri inaondolewa kwa moto na patasi na ni mateso.

Upepo wa Kusi: Mbona hamsemi habari ya unyevu? Masika hii watu wanapuliza nje chini ya mwembe! Hadna ina kemikali inaitwa isosayanati, ikikutana na maji inatoa gesi, laina inajaa vitundu. Bodi iliyooshwa asubuhi bado ina maji kwenye mikunjo ya bati na chini ya mpira wa mlango. Puliza kwa hewa kavu, na kompresa iwe na chujio la maji, si bomba tupu. Na wale vijana wanaofunga kitambaa puani! Hiyo isosayanati inaleta pumu ya kudumu, kitambaa hakizuii chochote. Hiyo ndiyo ingenikasirisha mimi, si rangi.

Springi Saba: Mnapoteza hela. Weka bodi ya plastiki ya kudumbukiza, dakika ishirini umemaliza.

Msasa Themanini: Na baada ya miaka miwili uitoe uone. Plastiki inatikisika barabarani, mchanga ulioingia chini unasaga rangi, maji yanakaa humo. Zimefunguliwa nyingi na sakafu ikakutwa ina matundu.

Springi Saba: Hizo ziliwekwa juu ya michubuko bila kupakwa kwanza. Na hiyo nyeusi yenu ya kupuliza mbona inakuwa kijivu? Mwaka mmoja wa jua la Dodoma imepauka yote.

Dizeli Nyeusi: Inapauka laina ya aina ya aromatiki. Ulizia alifatiki, aina isiyopauka juani, au apige koti la juu la kuzuia jua. Inagharimu zaidi, lakini nguvu ya ile iliyopauka iko palepale, ni sura tu.

Springi Saba: Sura tu! Gari la milioni ngapi unasema sura tu! Ila haya yote ni madogo. Kuna yule wa springi, mnamjua, anayeongeza jani la nne la springi akitumia U-boliti zilezile za zamani, zile zinazofunga springi kwenye ekseli. Uzi hautoshi, nati inashika nusu, ekseli inahama. Ukirudi anakwambia umezidisha mzigo!

Kamba na Turubai: Yule! Na boliti ya katikati inayoshika majani ya springi haibadilishi, inakatika ndani hujui mpaka gari linatembea upande upande.

Upepo wa Kusi: Huyo afunguliwe uzi wake leo leo. U-boliti zikishafunguliwa hazirudishwi, na hata mpya zinakazwa tena baada ya kilomita mia chache, tena kwa spana ya kupimia nguvu.

Mleta uzi: Wakuu, na laina yangu?

Springi Saba: Ng'oa yote umeshaambiwa. Nani ana namba ya fundi springi mzuri pande za Mbagala?