Nyumba za kontena Ngazidja: nikate Dar au nikakatie huko?

Mwana Gungu (Kigoma)

Mwakeye wanandugu. Hapa Kigoma makontena tumeyazoea, yanashuka kwenye reli kusubiri meli za Kalemie na Bujumbura, na machakavu yamegeuzwa maduka. Mwakani nakusudia kuhamia Ngazidja, Komoro, nifungue karakana ya nyumba za kontena: ofisi, vibanda vya biashara, vyumba vya wageni. Nauliza mlioko nje. Madirisha na milango nikate Dar nisafirishe nyumba kamili, au nikakatie kisiwani? Na kiwanja ninunue au nikodi?

Mzee wa Katonga (Mombasa)

Mwanangu, usikate Dar. Mlangoni mwa kontena pana kibati cha CSC, mkataba wa kimataifa wa usalama wa makontena. Hicho ndicho kinachoihakikishia meli kwamba boksi linanyanyulika kwa pembe zake na kubebeshwa mengine juu. Ukishatoboa ukuta, kibati hakina kazi tena. Meli italichukua kama mzigo wa kawaida, kwa bei nyingine, ikikubali.

Nunua kontena zima, likaguliwe na mkaguzi, upate cheti, kisha ulijaze vifaa vyako: bomba za mraba, mabati, rangi, madirisha ya alumini. Kwenye hati ya shehena hakikisha limeandikwa SOC, yaani kontena ni la mwenye mzigo. Lisipoandikwa hivyo, kampuni ya meli inaweza kulihesabu ni lake na kukudai siku za kuchelewa kulirudisha. Forodhani kontena tupu linaingia fungu 8609, na nyumba iliyokwisha kutengenezwa fungu 9406. Mwulize wakala wa forodha wa Moroni, mji mkuu ulioko Ngazidja, ushuru wa mafungu yote mawili kabla hujanunua hata bolti.

Bandari ya Moroni ina kina kifupi. Meli kubwa hutia nanga nje na mizigo hushushwa kwa matishari, kwa hiyo bahari ikichafuka kazi inasimama. Mutsamudu kina kipo, lakini hapo uko kisiwa cha Nzwani, bado hujafika Ngazidja. Futi 40 lenye kimo kirefu, lile la haikyubu, lina urefu wa mita 12.19 na likiwa tupu ni karibu tani 3.9. Kibati kitakuambia mwisho pamoja na mzigo, mara nyingi tani 30.48, usiutegemee peke yake, uliza kreni na lori la huko vinabeba ngapi. Kwa viwanja vya vichochoroni anza na futi 20: mita 6.06, tani 2.2 hivi, lori lenye mkono wa kreni linalishusha lenyewe.

Bi Ujiji (Moroni)

Mzee kamaliza ya bandarini, mie niseme ya nchi kavu.

Kodi, mdogo wangu, usinunue. Ardhi nyingi ya Ngazidja ni manyahuli, mali ya ukoo wa mama. Inapita kwa wanawake na haiuzwi kwa sahihi ya mtu mmoja. Atakuja mjomba wa watu, mpole, ana karatasi mkononi, atapokea fedha. Kesho dada zake wanasimama kiwanjani, na haki iko kwao. Mkataba uandikwe kwa Kifaransa mbele ya mthibitishaji wa hati, wanawake wenye ardhi watie sahihi, na kiwemo kifungu kwamba makontena ni mali yako na utayaondoa muda ukiisha. Hiyo ndiyo faida ya biashara yako: nyumba inahamishika.

Na soko usilikosee. Huku nyumba ya binti wa ukoo ni heshima, inajengwa ya zege hata kama itachukua miaka. Hakuna atakayemwoza mwanawe kwenye kontena. Wateja wako ni ofisi za miradi, maduka, zahanati ndogo, na Wakomoro wa Ufaransa wanaotaka vyumba vya kupangisha.

Kampuni inasajiliwa kwa sheria za OHADA, sheria za biashara za pamoja za nchi kadhaa za Afrika, na wengi wanafungua SARL, kampuni yenye dhima ya kikomo. Anza kwa ANPI, ofisi ya uwekezaji. Vyeti vyako vitafsiriwe Kifaransa na kugongwa mihuri kabla hujaondoka, na ya viza yamalize ubalozi wa Komoro hapo Dar. Faranga ya huku imefungwa kwenye yuro, 491.96775 kwa yuro moja, kwa hiyo hasara ya kubadilisha fedha itatokea upande wa shilingi.

Fundi Kibirizi (Mutsamudu)

Watu husema chuma cha kontena hakishiki kutu. Kinashika. Chuma cha korteni hujivika ngozi ya kutu inayokinga ndani, lakini chumvi ya hewa ya baharini haiiachi ngozi hiyo itulie, na ukuta wenyewe ni milimita 1.6 hadi 2 tu. Osha kwanza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ndipo upige brashi ya waya. Ukianza na brashi unaisugua chumvi ndani ya chuma. Kisha praima ya epoksi yenye zinki, epoksi ya kati, na poliyurethani juu. Chini ya sakafu paka lami.

Dirisha likishakatwa, zungushia fremu ya bomba za mraba za milimita 50×50×3. Chomelea vipande vya sentimita mbili na nusu, ruka upande wa pili, urudi. Ukivuta mstari mmoja ukuta unapinda. Na hapa ndipo kazi za watu huharibika: joto la kuchomelea linaunguza rangi ya upande wa ndani, upande ambao kesho utafunikwa na mbao za dari na kuta. Hakuna anayeutazama. Mwaka wa pili madoa ya kahawia yanatokea chini ya dirisha na mteja anadhani paa linavuja. Gusa rangi pande zote mbili siku hiyohiyo.

Kung'oa ukuta mzima ili kuunganisha makontena mawili ni kazi ya mhandisi, maana mabati hayo ya mikunjo ndiyo yanayozuia kontena lisilegee.

Msingi: uzito wa kontena unashukia kwenye pembe zake. Futi 40 lililokatwa ukuta liwekee nguzo fupi sita, nne za pembe na mbili za kati, kila moja sentimita 60×60 kwa kimo cha 50. Hiyo ni zege mita za ujazo 1.08, kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) mifuko saba ya saruji. Usitumie mchanga wa ufukweni, chumvi yake inakula nondo. Acha nafasi chini upate kuingia na brashi ya rangi.

Paa la pili ni lazima, bati lililoinuliwa sentimita 30 au zaidi, wazi pembeni hewa ipite. Miguu yake isimame kwenye pembe na boriti za juu, si katikati ya bati la kontena. Lakini kumbukeni kimbunga Kenneth cha Aprili 2019: paa pana ni tanga. Lifunge kwa bolti hadi kwenye pembe za chuma, na pembe za chini zifungwe kwenye zege. Paa la mita 12.2 kwa 3.6 linakupa lita 44 kwa kila milimita ya mvua. Ngazidja haina mito ya kudumu, basi weka mifereji na tangi tangu mwanzo.

Ndani piga povu la kunyunyiza milimita 50. Pamba ya kioo inanyonya unyevu wa usiku bati linapopoa. Upana unaobaki ni mita 2.22 hivi.

Mwana Gungu (Kigoma)

Nimewaelewa, shikamooni tena. Na umeme? Je, sakafu ya zamani niiache?

Fundi Kibirizi (Mutsamudu)

Sakafu ni plaiwudi ya milimita 28 iliyotiwa dawa ya wadudu. Kwa duka, ipake epoksi uifunike. Kwa chumba cha kulala, ing'oe.

Umeme ni volti 220, karibu sawa na kwetu, ila soketi ni za Kifaransa, matundu mawili ya duara; zile za pini tatu bapa usizibebe. Nyumba nzima ni chuma, hivyo waya wa ardhi hauna mjadala, na breka ya uvujaji, ile inayokata umeme ukivuja, iwe ya miliampia 30. Mwamba wa volkano haupitishi umeme vizuri, fimbo moja ya waya wa ardhi haitoshi. Zungusha waya wa shaba kuzunguka msingi, ongeza fimbo kadhaa, kisha pima ndipo uwashe.